Mchawi wa Kuzaliwa na Siku Arobaini

Jumatatu, 12 Februari 1979. Nyarubungo.

Siku ya kumi na tisa. Zimebaki ishirini na moja.

Deodata wangu yuko kwao Kanazi tangu Septemba. Baba mkwe, mzee Ntirampeba, amesema hamtoi mpaka niende na wazee wawili, mtungi wa pombe ya ndizi, na balozi wangu wa nyumba kumi aseme kwa kinywa chake mwenyewe kwamba nimekaa siku arobaini bila kubuni mpango wowote. Mpango wowote! Kama vile mtu anaweza kuishi bila mipango. Yote haya kwa sababu ya cherehani ya Deodata. Niliifungua nitengeneze mashine ya kubangua karanga. Karanga hazikubanguka. Cherehani nayo haikukubali kurudi kuwa cherehani.

Balozi wetu, mzee Kazimili, anachora alama ya mkaa ukutani kwake kila asubuhi. Leo kaichora taratibu kana kwamba inamtoka mwilini.

Nimechemsha viazi, nikapakua sahani mbili. Mazoea. Nimekula zote mbili.

Mwalimu Theonest kanialika kwenye mchezo. Redio yake haina betri, mpira umesimama, vijana wako vitani. Yule kijana wa Ulaya aliyekuwa akichimba visima aliondoka vita vilipoanza, akamwachia daftari la mchezo alioutunga mwenyewe, pamoja na dadu za ajabu. Moja ina nyuso ishirini! Mnakaa mezani. Theonest anasimulia hadithi, na kila mmoja wenu ana mtu wake humo ndani. Unasema mtu wako anafanya nini, dadu inaamua kama kaweza.

Nimemuuliza Kazimili kama kucheza ni kubuni mpango. Kafikiri sana. Kasema hapana. Kisha kauliza kama nafasi bado ipo.

Jumatano, 14 Februari

Darasa la tatu, baada ya kazi ya shamba la kijiji. Magoti yetu hayaingii chini ya madawati.

Leonidasi, bwana shamba, kawahi kuchukua mchawi wa vitabu. Nani asingejua! Mtu amefika kidato cha nne, hakuachi usahau. Kalamu mbili mfukoni. Ndiye aliyemwambia Deodata, mbele yangu, kwamba kazi yangu ya ukarani wa mizani ya pamba ingeweza kufanywa na jiwe. Kazimili, balozi, mwana-Chama, mzee wa kanisa, kachagua mwizi. Kasema anataka kupumzika.

Mimi ni mchawi wa kuzaliwa. Nimemweleza Leonidasi faida zake ingawa hakuniuliza. Mwenzake wa vitabu kila asubuhi lazima akariri dawa za siku hiyo, yaani maneno ya uchawi. Akisahau kitabu nyumbani, ni raia tu kama sisi. Wa kuzaliwa hakariri. Dawa zake ni mbili tatu, lakini zimo damuni, anazitoa akitaka. Tena anaweza kuzivuta: ya karibu ikafika mbali, ya mtu mmoja ikawapata wawili. Na nguvu zake hazitoki kwenye elimu. Zinatoka kwenye maneno matamu na sura ya kupendeza. Hapo Leonidasi kacheka mpaka kalamu moja ikaanguka.

Kasoro ipo. Uhai mchache. Wangu ni wa alama nne. Nimeuawa na popo kabla hatujaingia pangoni. Theonest kanifufua kwa huruma.

Nilitangaza kwamba damu hiyo nimeirithi kwa bibi mzaa baba. Kwa sauti kubwa. Madirisha ya darasa la tatu hayana vioo.

Jumamosi, 17 Februari

Siku ya ishirini na nne. Siku ya ajabu.

Tumefika kwenye lango la malkia. Amejifungia, hataki kuona mtu. Kazimili kajaribu kuiba ufunguo, kanaswa, kafurahi sana. Leonidasi kafungua kitabu chake: dawa ya kufungua milango hakuikariri leo. Leo kakariri ya kuzuia mvua. Nilijizuia nisicheke. Sikuweza.

Ikaja zamu yangu. Nina dawa moja ya kulainisha moyo. Theonest kasema ni lazima niseme maneno yenyewe. Basi nikasimama. Nikamwambia malkia kwamba nyumba imekuwa kubwa. Kwamba nakuta nywele zake kwenye kitana na sizitoi. Kwamba asubuhi naanza kumwambia jambo, nageuka, ukuta. Kwamba nilikuwa mjinga na kwa kweli bado ni mjinga, ila mjinga aliye peke yake ana hali mbaya zaidi.

Leonidasi alikuwa anaangalia dawati. Nikarusha dadu. Ishirini! Theonest, kwa sauti ya malkia, kasema lango liko wazi.

Nimetembea hadi nyumbani nikiwa na furaha. Nimefika, mlango umefungwa kwa kufuli langu mwenyewe.

Jumatatu, 19 Februari

Mama Rozalia, jirani wa chini, kaja na kuku. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba haraka haraka, akakaa mkekani, akalia. Mwanawe Ansbert yuko mstari wa mbele na jeshi. Hakuna barua tangu Noeli. Kasema alikuwa anapita darasani akanisikia nikisema dawa ziko katika damu yangu, na kwamba naweza kuzifikisha mbali.

Nikamweleza kwamba ule ni mchezo. Kaitikia ndiyo, mwanangu, anaelewa, waganga wote husema hivyo. Akanisukumia kuku.

Ningefanyaje? Nimetoa dadu ya ishirini (Theonest kaniachia niiangalie). Nikataja jina la Ansbert mara tatu, nikaivuta ile dawa ifike mpaka ng'ambo ya mto Kagera. Nimejikuta natamani kwa moyo wote ingekuwa kweli. Nikarusha. Kumi na saba. Nikamwambia ni nzuri sana.

Sikubuni mpango wowote. Kuku kaja kwa miguu yake mwenyewe.

Jumamosi, 24 Februari

Ansbert kaandika! Mzima, ila kapoteza kofia. Barua ina tarehe ya Januari, yaani kabla ya dadu yangu, lakini hakuna anayetazama tarehe. Kina mama watano wamekuja leo. Nimekataa. Wakakaa uani. Nikawatajia watoto wao mmoja mmoja, maana kumkatalia mama jina la mwanawe siwezi. Kuku sita sasa.

Leonidasi kapita, kaona, kasema hata mchawi wa vitabu hatozi. Wivu.

Jumatano, 28 Februari. Jumatano ya Majivu.

Siku ya thelathini na tano. Kuku kumi na mmoja. Nimewatazama, nao wakanitazama. Halafu ikanijia. Mtungi wa pombe kila mkwe hupeleka. Nani amewahi kuingia Kanazi na kuku kumi na mmoja? Mzee Ntirampeba atasimama. Deodata atatoka nje aone kelele ni za nini, na nitakuwa pale.

Mabasi yamechukuliwa kwa kazi za vita, yaliyobaki ni ya kubahatisha. Nitaenda na baiskeli. Nimejenga tundu la ghorofa tatu, la miti na kamba za katani, nyuma ya kiti. Ghorofa ya juu ya majogoo, wapate hewa. Huu si mpango. Huu ni useremala.

Jumamosi, 3 Machi

Mkutano wa kijiji. Jina la kwanza kutajwa: Celestini. Mimi.

Katibu kauliza ni kweli katika kijiji cha ujamaa kuna mchawi anayepokea kuku? Nikasema ni mchezo wa mezani. Katibu kamgeukia Leonidasi. Leonidasi kasema kwa haki kabisa kwamba ni mchezo, ila yeye hutumia vitabu. Celestini ndiye husema ni ya damu. Asante sana, ndugu.

Akabaki Kazimili. Aliyejua kila kitu. Lakini akisema, itabidi aseme na yeye alikuwa nani. Kaangalia juu, kaangalia kofia yake. Kisha kasimama, mzee wa watu, akawatangazia watu wote kwamba ni mchezo, anaushuhudia, kwa kuwa mle ndani yeye ni mwizi na ameshaiba ng'ombe wanne wa mfalme. Kijiji kizima kikacheka. Mkewe hakucheka.

Nimeokoka! Lakini Kazimili hakukaa. Kasema uchawi sina, lakini kuna jambo jingine. Lile tundu la ghorofa tatu kwenye baiskeli, ni la nini?

Nikafungua kinywa. Mimi, mwenye dawa ya maneno matamu. Nikasema ni useremala tu.

Kasema alama thelathini na nane atazifuta. Kasema hivyo akinionea huruma, na ndiyo iliyoniuma.

Nimerudisha kuku nyumba kwa nyumba. Mama Rozalia kamkataa wake. Kasema hakuja kununua uchawi, yeye ni mtu mzima. Alitaka tu mtu mwingine amtaje mwanawe kwa sauti, maana akimtaja peke yake nyumbani jina halijibiwi na mtu. Nilikaa naye muda mrefu. Tukamtaja Ansbert, na Deodata pia.

Jumatatu, 5 Machi

Ingekuwa siku ya arobaini. Barua kutoka Kanazi, kwa mkono wa dereva wa lori la chumvi. Mwandiko wake. Nimeinusa kwanza.

Deodata anaandika kwamba alikuwa ameshafunga mzigo. Alhamisi mama mmoja kutoka huku kafika kwao, akasimulia habari zangu: nimekuwa mganga wa vita, nina kuku kumi na mmoja, na nimewajengea ghorofa. Anasema hakukasirika. Alikaa juu ya mzigo akacheka mpaka mama yake akaja kumtazama, kisha akalia, kisha akaufungua mzigo, nguo moja moja. Anasema anataka kurudi. Anasema hiyo ndiyo shida, anataka. Baba yake ameamua siku arobaini nyingine. Deodata mwenyewe ananiomba hizi tu, Celestini, hizi arobaini tu, nikae nimetulia kama mtu aliyelala.

Nimeisoma mara tisa. Nitatulia. Naapa. Mke wangu alikuwa ameshafunga mzigo!

Jumanne, 6 Machi

Siku ya kwanza. Nimeamka mtu mpya. Nimefagia, nimechota maji, sijawaza lolote. Saa tatu nimeenda kwa Kazimili, nimemkuta na mkaa mkononi mbele ya ukuta mtupu.

Nimemwomba kwa heshima zote aanze kuhesabu kesho. Kwani leo, nikiwa njiani, nimegundua jinsi ya kuifanya pombe ya ndizi iive kwa siku moja, na nimeshaazima pipa.