Herufi Tano, Mwisho T

Jumatatu, 4 Agosti
Tangazo la jana kanisani bado linanilia masikioni. Mashindano ya watoto Jumapili ijayo! Maneno ya Kiingereza, yote ya urefu mmoja, yote yaishie kwa herufi moja. Anayerudia neno la mwenzake anakaa chini. Atakayebaki amesimama: tikiti mbili za treni, Miritini mpaka Nairobi na kurudi, yeye na mzazi wake. Mzazi wake! Yaani mimi.

Miaka sita nauza mahamri na mbaazi karibu na stesheni. Mahamri yangu yamefika Nairobi mara elfu. Mimi bado.

Urefu gani, herufi gani, ni siri ya Mwalimu Gona wa shule ya Jumapili. Lakini Velma wangu ni wa kwanza gredi ya sita kwa Kiingereza. (Wa pili. Ila wa kwanza alihamia Changamwe, kwa hiyo hahesabiki.) Nimemwambia Mama Griffin, yule wa chapati ng'ambo ya barabara, atafute leso ya kufutia machozi. Akasema, "Tutaonana huko mbele, Mama Velma." Watu wa bara hawa! Kila kitu huko mbele.

Jumanne, 5 Agosti
Mwalimu Gona kaja kunywa chai. Nikamwongeza mbaazi. Nikamwongeza tena. Nikauliza, hivi, kwa mazungumzo tu, kama maneno ni marefu. Siri ni siri, mama, akasema. Nikamwekea hamri la tatu, lenye iliki nyingi. Akatafuna, akafumba macho, akanionyesha vidole vitano. Mwenyewe! Sikumshika mkono.

Jumatano, 6 Agosti
Leo mbaazi za tui zito, nazi mbili nzima. Bakuli la pili halijaisha, Mwalimu akachukua kijiti, akachora T kwenye vumbi. Akaifuta kwa kiatu. Akaniapisha nisimwambie mtu. Nikaapa. Mtu ni mtu. Velma ni mwanangu.

Lakini sikumwambia nimeitoa wapi. Mtoto huyu anapenda haki kupita kiasi, sijui kamrithi nani. Nikasema tujaribu bahati tu, tuanze na tano na T.

Alhamisi, 7 Agosti
Kazi! Nimewahoji madereva wa malori wote. Mmoja kanipa "toast". Mwingine "night". Mwingine "shirt". Wa trela la buluu kanipa neno ambalo Velma alikataa kuliandika. Mimi mwenyewe nikaleta "market". Nikahesabu kwa punje za mbaazi: tano. Velma akasema sita. Nikamwambia asibishane na mzazi. Tukahesabu tena: sita. Punje moja ilikuwa imeninata kidoleni.

Baba Velma karudi kutoka gereji, anauliza chakula. Nikamwambia alete kwanza neno la T. Akafikiri mpaka jasho likamtoka. "Start"! Akala.

Maneno tisini na mawili, na kamusi imesaidia. Nimemwandikisha Velma orodha nzima mara kumi na tano ili imkae kichwani. Na ile hati yake! Utadhani mashine.

Ijumaa, 8 Agosti
Magazeti ya kufungia mahamri yameisha, na foleni imefika kwa fundi baiskeli. Sikubabaika. Orodha kumi na tano za nini? Moja inamtosha Velma. Hizo nyingine nikafungia mahamri ya wenzetu wa kanisani. Tena kwa madaha! Kila mmoja nikamwambia, tazama hati ya mwanangu, gredi ya sita tu. Wakatazama.

Mama Griffin alipokuja nilimchagulia karatasi safi kuliko zote. Nikaikunjua kwanza, aione vizuri, imuume. Akaitazama muda mrefu. Akakiri mtoto anajua kuandika. Roho yangu kwatu!

Jumamosi, 9 Agosti
Mtaa kimya leo. Hakuna mpira, hakuna kelele, watoto wote wamejifungia ndani. Mafua, nadhani. Maskini, na kesho ndiyo mashindano.

Jumapili, 10 Agosti
Sijui nianzie wapi.

Watoto kumi na wanane mstarini, Velma wa mwisho. Mwalimu Gona akatangaza: herufi tano, mwisho T. Velma akanitazama. Mimi nikatazama bati.

Mtoto wa kwanza: "toast". Wa pili: "night". Wa tatu: "shirt". Griffin, ambaye hata salamu ya Kiingereza humshinda: "yeast"! Mpangilio uleule wa orodha yangu. Mchungaji akasema Bwana amewafungua vinywa watoto wetu. Mtu akasema amina. Mtu huyo nilikuwa mimi, maana bado sijaelewa. Kukawa na mzozo mdogo kwenye "ghost", mzee mmoja akidai pepo asitajwe kanisani, ukapita.

Mzunguko wa nne mtoto mmoja, Fancy mdogo, akakwama. Akainama, akachomoa karatasi kwenye soksi. Imelowa mafuta! Iliki ikanukia mpaka benchi langu. Mwalimu Gona akaisoma. Kisha akanigeukia. Nikaona dunia yote inanigeukia. Wazazi wakaanza: hata sisi tunayo, hata sisi! Karatasi kumi na moja zikapelekwa mbele.

Mama Griffin akapaza sauti kutoka nyuma, "Mama Velma, mahamri yako yamesoma, haki!" Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji naye.

Velma alikaa chini mwenyewe. Hakuna aliyemwambia.

Mashindano yamefutwa. Yatarudiwa Jumapili ijayo, kwa urefu mwingine na herufi nyingine. Tikiti zimerudi kabatini.

Njia nzima Velma alitembea mbele yangu. Tulipofika nyumbani akasema, "Mama, mimi nataka kupanda treni kwa kichwa changu." Nikamkumbatia, nikalia. Nikamwahidi. Nimetubu, kabisa, mbele ya Mungu na sufuria zangu.

Jumanne, 12 Agosti
Mwalimu Gona hanywi chai kwangu tena. Anapita macho mbele kama askari. Lakini mkewe, Valarie, ni mpenzi wa viazi karai ninavyokaanga jioni. Sikumuuliza kitu, haki ya Mungu! Nilimzidishia ukwaju tu. Akasema mwenyewe kwamba mumewe siku hizi anaweweseka usingizini: sita, mwisho R.

Velma sitamwambia. Niliahidi, na ahadi yangu ni ahadi. Nikiwa naosha vyombo, neno moja moja likinitoka mdomoni, hiyo ni bahati mbaya.

Tatizo, siri kama hii haikai kifuani, inataka hewa. Nikavuka barabara. Nikamwambia Mama Griffin safari hii asijisumbue kabisa: herufi sita, mwisho R, na mwanangu atayajua yote kabla ya Ijumaa. Akanishika mkono kwa mikono miwili, akanipa chapati mbili za moto, akakataa malipo.

Maskini Mama Griffin. Keshakubali kushindwa.