Meli Iliyolipuka Mfukoni

"Wananchi wote wa Bukoba, wa Muleba, na wa kila mahali ambapo gari hili litafika kabla mafuta hayajaisha, mnatangaziwa furaha kubwa! Kuanzia Jumatatu hakuna lalamiko litakalokosa meza. Kimezinduliwa Kitengo cha Mambo Yasiyo na Kitengo! Na uamuzi wa Kitengo ni wa mwisho, hautenguliwi na mtu yeyote, hata Kitengo chenyewe!"

Gari la matangazo lilipita Ijumbi saa nne asubuhi, likarudia mara mbili kwenye kona ya kanisa. Ma Adventina alikuwa nyuma ya nyumba anamenya ndizi. Akasimamisha kisu. Maneno ya mwisho aliyarudia kwa sauti ndogo, kama afanyavyo akisikia somo zuri ibadani: "Hata Kitengo chenyewe." Kisha akaendelea kumenya.

Ndani ya nyumba mwanawe Datius alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto. Hii ilikuwa wiki ya tatu analala kwa ubavu huo, maana wa kulia haukuwa wake tena, ulikuwa wa madaktari.

Mambo yalianza kwa wema. Datius, fundi cherehani mwenye mashine ya kukanyaga kwa mguu pale barazani, alimwahidi mama yake siku ya Pasaka kwamba hatavuta tena moshi. Ahadi aliitimiza neno kwa neno. Alikwenda Bukoba mjini akanunua sigara ya umeme, ambayo muuzaji alimhakikishia kwamba haina moshi hata chembe, ina mvuke tu.

"Mae, mimi moshi sivuti," akamwambia mama yake, uso kama wa malaika, na chumba kizima kinanuka nanasi.

Ma Adventina alitafuta kosa katika maneno yale akalikosa. Mjane wa miaka tisa, darasa la saba lake, hakuwa mtu wa kubishana na jambo kabla hajaliona mwisho wake. Akaliombea.

Jumapili ya tatu baada ya hapo, katikati ya matangazo ya usharika, Datius akiwa amesimama kwenye kwaya na wenzake wa besi, mfuko wake wa kulia ulilipuka. Moto ukatoka kama wa fundi wa kuchomelea mageti. Datius akaruka. Waumini walimtazama kwa mashaka, kwa sababu Walutheri wa Ijumbi hawarukiruki, na mzee mmoja alisikika akisema kwamba kama kijana anataka mambo hayo, kanisa la namna hiyo lipo, aende. Aliyemwokoa ni Elieth wa sauti ya kwanza, aliyenyakua ndoo ya maua ya madhabahuni akammwagia maji pamoja na maua yenyewe.

Kituoni walipokwenda kuchukua fomu ya polisi ya matibabu, askari aliuliza kwa utaratibu, "Nani amekushambulia?"

"Suruali," akasema Datius.

Askari akaandika: *Mtuhumiwa anafahamika kwa majeruhi.*

Daktari hakuwa na utani. Ngozi ya paja ilikuwa imeungua mpaka ndani. Ilitakiwa ipandikizwe nyingine, hospitali kubwa, Mwanza, na mapema, kabla kovu halijavuta goti. Likishavuta, mguu hautanyooka. Na fundi wa cherehani ya kukanyaga asiyeweza kunyoosha mguu anabaki kuwa mtu aliyekaa karibu na cherehani.

Hapo ndipo Ma Adventina alipomfuata Annastella, msaidizi wa kisheria pale Muleba, binti mwenye miwani na maneno machache.

"Ma, usitupe kitu," alisema Annastella. "Suruali usiifue. Hicho kifaa kilichoungua, boksi lake, risiti, cheti cha daktari, picha za kidonda, vyote weka pamoja. Wa kudaiwa wapo watatu: aliyeuza, aliyeingiza nchini na aliyetengeneza. Huyo wa tatu yuko mbali, barua itamfikia ikiwa na mvi. Tuanze na wa karibu. Na tusichelewe, sheria nayo ina saa yake."

"Na mimi nifanye nini?"

"Usisaini karatasi ya mtu."

Ma Adventina aliweka vyote ndani ya kopo kubwa la maziwa ya unga. Kwenye boksi kulikuwa na jina la mwingizaji, Mvuke Executive, na namba ya simu, basi. Risiti nayo ilikuwa ya jina hilohilo. Alipiga namba ile. Sauti laini kama samli ikaitikia: "Mvuke Executive, vuta kisasa!" Aliposema neno *paja*, simu ikakatika. Alipopiga tena, haikupokelewa. Alikwenda dukani, akakuta pameandikwa *Tumehama kwa maendeleo yenu*.

Akaanza kuzunguka maofisi. Ofisi ya kwanza ilimweleza kwa upole kwamba ndani ya kitu kile hakuna tumbaku, kwa hiyo si sigara. Ya pili ikasema hakina mita, kwa hiyo si umeme. Ya tatu, inayoshughulika na moto, ikasema moto wa kiserikali ni wa jengo, na suruali, hata ishonwe pana namna gani, si jengo. Kila ofisi ilikuwa na haki kabisa. Ndiyo maana Kitengo kikaundwa.

Jumatatu Ma Adventina alipanda basi la asubuhi akiwa na kopo lake mapajani na kahawa ya kutafuna kwenye pindo la kitenge. Saa tatu alikuwa Bukoba, kwenye korido ndefu inayonuka rangi mpya. Katibu muhtasi, Evodia, alimpa namba sita ingawa alikuwa peke yake.

"Wa kwanza mpaka wa tano wako wapi, mwanangu?"

"Hawajaja, mama. Lakini lazima wapite kwanza."

Wakasubiri wapite. Saa tano na nusu wakawa wamepita.

Mkuu wa Kitengo, Bwana Byabato wa Kibeta, alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye simu mbili mezani na kalamu nne mfukoni. Kati ya zile kalamu nne, moja aliitia mdomoni, akavuta, na chumba kikanuka nanasi.

"Karibu, mama. Jisikie uko kwako. Tatizo lako limefika nyumbani."

Ma Adventina alitulia kitini. Sauti ile laini aliijua. Aliitazama ile kalamu, akazitazama zile simu mbili, akatazama chini ya meza, palipokuwa na maboksi madogo yaliyopangwa vizuri kama matofali, yote ndugu wa boksi lililomo kwenye kopo lake. Alifungua pindo la kitenge, akatoa punje za kahawa, akamkaribisha kama mgeni anavyokaribishwa. Bwana Byabato akatafuna.

"Mwanangu kalipukiwa na sigara ya umeme, Ta Byabato. Nataka aliyeileta nchini ampeleke Mwanza akatibiwe."

Bwana Byabato aliacha kutafuna.

"Mfukoni kulikuwa na nini kingine?"

"Bobini ya cherehani."

"Ahaa! Bobini!" Aliegemea kiti, amefarijika. "Unaona sasa. Huwezi kuweka bobini ya chuma mfukoni pamoja na betri, mama."

"Ni fundi cherehani, waitu," alisema kwa adabu ya Kihaya. "Aweke nini, samaki?"

"Tusiingize hisia. Tufuate fomu." Akavuta fomu. "Aina ya kitu. Sigara? Hapana, haina tumbaku. Kifaa cha umeme? Hapana, hakina mita. Bidhaa?" Hapo alikohoa. "Bidhaa hapana, tutawatisha wawekezaji. Kinatoa nini?"

"Mvuke."

"Mvuke. Basi kwa lugha fasaha ya utawala, hiki ni *chombo cha mvuke*." Aliandika kwa furaha, herufi kubwa. "Na vyombo vya mvuke vina dawati lake, mlango wa mwisho. Hapa kwangu umekwisha."

Dawati la Vyombo vya Mvuke lilikuwa la meli. Meli za mvuke ziliisha ziwani zamani, kwa hiyo dawati likabaki bila kazi wala kitengo, kwa hiyo, kwa mujibu wa jina la Kitengo, likaletwa hapo. Bwana Byabato alikuwa amepanga kupeleka huko kila lalamiko litakalomchosha, akiamini hakuna litakalorudi.

"Kwa hiyo sasa ni meli, Mheshimiwa?"

"Kiutawala, ndiyo."

"Na uamuzi wa Kitengo hautenguliwi?"

"Na mtu yeyote!"

"Basi nigongee muhuri. Na hapa chini usaini. Na huku nyuma. Na nakala, kama hutajali."

Bwana Byabato aligonga muhuri mara nne. Alipenda wananchi wanaothamini muhuri. Kisha akasogeza karatasi nyingine, imechapwa tayari.

"Na wewe nisainie hapa, kwamba umesamehe wote waliohusika. Najua wewe ni mtu wa Mungu."

"Kusamehe nimesamehe Jumapili," alisema Ma Adventina, akifunga kopo lake. "Kusaini ni mambo ya Jumatatu."

Mlango wa mwisho alimkuta Shaban, mzee wa miaka hamsini na tisa, kofia ya kibaharia kichwani, koti la kuokolea la rangi ya machungwa likining'inia msumarini. Alikuwa amebakiza miezi miwili astaafu na hajawahi kupata ajali hata moja. Alisoma fomu. Akaisoma tena. Akasimama wima.

"Chombo cha mvuke kimelipuka?"

"Kimelipuka, baba."

"Alhamdulillahi! Samahani, mama. Pole sana. Kaa, kaa." Akafungua kitabu kinene, akapuliza vumbi. "Abiria walikuwa wangapi?"

"Mmoja."

"Nahodha?"

"Ni huyohuyo."

"Kasoro. Kilikuwa bandari gani?"

"Mfuko wa kulia."

"Majaketi ya kuokolea yalikuwepo?"

"Hapakuwa na nafasi."

"Kasoro kubwa ya mmiliki." Shaban aliandika kwa ulimi nje, kama mtoto. "Majeruhi yuko wapi?"

"Ijumbi. Paja lote. Daktari anasema wiki hii, wiki ijayo, baada ya hapo goti litakunjika." Hapo sauti yake ilitikisika kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. Akaitafunia punje ya kahawa.

Shaban aliacha utani ambao hakujua kuwa anaufanya. Akasoma kwa sauti. "Kanuni ya tano: chombo kikilipuka, vyombo ndugu vyote vinazuiwa. Kanuni ya saba: majeruhi kwanza, mabishano baadaye. Mmiliki atamsafirisha majeruhi kwa gharama yake mpaka kwa tabibu, na atakuwa naye safarini yeye mwenyewe, amevaa jaketi la kuokolea, asilivue mpaka majeruhi apokelewe. Sasa mmiliki ni nani?"

Ma Adventina alitoa boksi. "Mimi sijui majina ya watu, baba. Ila namba ipo. Piga wewe. Mimi hawanipokei."

Shaban akapiga, akaweka sauti ya juu.

Ng'ambo ya korido, simu ikalia. Wote wawili wakageuza shingo.

"Mvuke Executive, vuta kisasa!" ilisema simu ya Shaban.

"...vuta kisasa!" ulisema ukuta.

Evodia alikuwa amesimama mlangoni na chai ya mkuu wake. Akaiweka chini polepole, akaanza kuinywa mwenyewe.

Bwana Byabato aliletwa na harufu yake. Aliposomewa kanuni ya saba alicheka, kisha akaacha, kisha akachukua fomu yake.

"Hapa nilikosea kidogo. Shaban, andika ni sigara."

"Haina tumbaku, Mheshimiwa."

"Basi kifaa cha umeme."

"Hakina mita."

"Basi bidhaa! Bidhaa, jamani, ni bidhaa tu ya dukani!"

"Hapo umesema vizuri," alisema Ma Adventina. "Evodia, mwanangu, liandike hilo neno na saa aliyolisema. Annastella atalihitaji."

"Mama, nafuta huu muhuri!"

Evodia alimeza chai. "Haufutiki, bosi. Lile tangazo la gari nililichapa mimi. 'Hata Kitengo chenyewe.' Ulisema niweke na alama ya mshangao."

Maboksi ya chini ya meza yakazuiwa yote, vyombo mia mbili na arobaini, meli nyingi kuliko zilizowahi kutia nanga Bukoba tangu mji uwepo. Ile kalamu ya nanasi ikaingia kwenye droo ya Shaban na kibandiko: *Imezuiwa bandarini.*

Alhamisi jioni, kabla jua halijazama, abiria wa meli ya Mwanza walimwona mtu mnene mwenye suti na jaketi la rangi ya machungwa akipanda ngazi, ameshika ncha mbili za machela. Ncha nyingine mbili alishika Shaban, aliyeomba likizo bila malipo ili asikose. Mama mmoja mwenye vikapu vya senene alimuuliza yule mnene choo kiko wapi, akidhani ni mfanyakazi.

Nyuma yao alitembea Ma Adventina na kopo lake. Ndani yake kulikuwa na nakala ya barua ya madai ya Annastella, imeshapokelewa na kusainiwa, maana safari haikufuta kesi. Datius, kwa ubavu wa kushoto, alikuwa anaimba besi kwa chinichini.

Mlangoni kabisa Ma Adventina akasimama.

"Ta Byabato, ngoja. Mwanangu analala karibu na wewe usiku kucha. Mfukoni una nini?"

"Mimi? Mama, mbele za watu?"

"Kanuni, waitu."

Foleni nzima ilikuwa imesimama inamngoja. Bwana Byabato akaweka machela chini taratibu, akaingiza mikono, akaivuta nje mifuko yote miwili, ikaning'inia myeupe huku na huku kama masikio ya mbuzi. Upande wa kulia ikadondoka kalamu ndogo ya nanasi, ya akiba.

Shaban akaiokota, akatoa kitabu chake.

"Vyombo mia mbili na arobaini na mbili," akaandika. "Mheshimiwa, chukua machela. Abiria wanataka kupita."