Mkao wa Gofu Ulionikosesha Friza

Jamani, leo nimevuliwa nguo hadharani, mimi ninayeuza nguo.

Mwezi uliopita nilileta Nachingwea mabegi ya mtumba. Begi moja refu lilikuwa zito kama lina maiti. Kufungua, fimbo za gofu! Kumi na moja. Nikahesabu tena. Kumi na moja.

Nikapiga picha, nikaweka mtandaoni. Akajitokeza Mhandisi Mushi wa Ruangwa. Amehamishiwa Arusha, anauza vyombo vyake, na ana friza asilotaka kulisafirisha. Akasema tubadilishane: fimbo kwa friza. Mke wangu Zuhura analitamani friza kwa biashara ya barafu tangu tuoane.

Hapo ningenyamaza, mambo yangeisha. Lakini mimi nimezaliwa sokoni. Kitu ukisema hukitumii, mnunuzi anakushusha. Nikamwandikia: "Fimbo hizi nachezea mwenyewe, mwaka wa sita huu. Naziachia kwa uchungu."

Akajibu haraka: "Kumbe Nachingwea kuna mchezaji! Nimekaa huku miaka mitatu bila mwenzangu. Njoo Jumamosi tupige mipira kidogo, halafu ubebe friza lako."

Ilikuwa Jumatano. (Uwanja wa gofu sijawahi hata kupita nyuma yake.)

Nikatafuta video. Mwalimu ni mzungu mwenye kofia. Nikaegemeza simu kwenye ndoo nyuma ya nyumba, nikasimama mbele yake. Miguu ipanuliwe sawa na mabega. Magoti yalegee kidogo. Mgongo unyooke. Makalio yarudi nyuma, kama mtu aliyejaza mizigo mikononi anafunga mlango wa gari kwa matako. Kila alichofanya nikakifanya, fimbo yake ikienda upande ule na yangu upande ule ule. Nilitumia mpini wa fagio. (Bidhaa haichezewi kabla ya kuuzwa.)

Siku ya pili nikiwa nimeinama hivyo, akatokea jirani yetu Bi Somoe, mama wa makamo kutoka Chiola. Akageuza uso haraka.

"Baba wee, choo si kile pale?"

"Najifunza mchezo, Bi Somoe."

"Mchezo wa kuchutama? Zuhura! Njoo umwone mumeo!"

Zuhura akachungulia, akasema, "Mwache, Bi Somoe. Anatafuta friza." Nikaendelea. Hadi Ijumaa mkao ulikuwa umeiva. Najisifu lakini nasema kweli: ulikuwa mzuri.

Leo asubuhi nikakodi kirikuu ya Saidi, maana friza halipandi bodaboda. Zuhura alishafagia kona ya kuliweka na kuwatangazia majirani wa pande zote. Njiani Saidi akaniuliza mara mbili kama kweli najua huo mchezo. Nikamwambia aangalie barabara.

Mhandisi alitupokea vizuri, chai na vitumbua. Friza nikaliona barazani, jeupe, limefutwa vumbi. Nikalifungua, nikalifunga. Nikalifungua tena. Linagandisha!

Tukaenda uani. Akaweka mpira kwenye nyasi, akasimama pembeni na kikombe chake cha chai.

"Karibu, mwenzangu. Anza wewe."

Nikachomoa fimbo moja. Miguu, magoti, mgongo, makalio.

"Aisee," akasema Mhandisi, "mgongo umenyooka kweli! Una mwalimu?"

"Ni mazoea tu," nikasema. (Mazoea ya siku tatu!)

Nikatazama ncha ya fimbo. Ule ubapa wa kupigia ulikuwa umegeukia kwingine, na mgongo wa chuma ndio uliokuwa unautazama mpira. Nikajiambia watu wa gofu wana mambo yao. Nikainua, nikazungusha kwa nguvu zote.

Udongo ukaruka, bonge zima, ukatua kwenye chai ya Mhandisi. Mpira ukasogea hatua mbili. Nikahesabu tena. Mbili.

Mhandisi akakitazama kikombe chake, kisha akanitazama.

"Ndugu yangu, wewe ni wa kushoto?"

"Ee. Tangu kuzaliwa."

Saidi, ambaye hakuna aliyemuuliza, akadakia: "Kushoto wapi, mzee baba! Mbona vitumbua umekula kwa kulia?"

"Maana fimbo hizi ni za mtu wa kulia," akasema Mhandisi taratibu. "Umezichezea miaka sita?"

"Sita."

"Kinyumenyume?"

Hapo ndipo nikaelewa. Mzungu wa kwenye simu alikuwa ananitazama! Nilimfuatisha kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Kulia kwake kumekuwa kushoto kwangu. Siku tatu nimejifunza mkao safi, uliogeuka.

Sauti ya Mhandisi ikashuka. "Ndugu, hizi fimbo ni za nani?"

Nikaona kabisa anavyoitafuta simu mfukoni. Kanidhania mwizi! Nikasema yote: mabegi, mtumba, mpini wa fagio. Nikamwonyesha picha za mzigo siku ulipofika. Akazitazama zote, akashusha pumzi.

"Ungeniambia za mtumba ningekupa friza bila neno. Mimi nilitaka fimbo. Nikakuandalia chai kwa sababu nilidhani nimepata mwenzangu."

Nikajaribu kupatana. Akasema bei ya mchezaji imekufa, imebaki bei ya mtumba. Nikaomba feni na pasi. Akanipa feni.

Tumerudi Nachingwea na feni imesimama peke yake nyuma ya kirikuu, upepo unaizungusha njia nzima. Saidi kacheka mpaka ikabidi asimamishe gari. Zuhura alikuwa mlangoni na majirani.

"Friza liko wapi?"

"Hii nayo inapoza," nikamjibu.

Kaichukua feni, kaingia nayo chumbani, kafunga mlango. Mimi niko nje hapa, mkono mmoja naandika, mwingine najipepea kwa kipande cha boksi. Naombeni msicheke kwa sauti. Dirisha liko wazi na ndani bado hawajapoa.