Siku Mkurugenzi Alipozimwa kwa Majaribio

Umma wote ulitangaziwa kwamba Idara ya Vibali imeunda Kamati Kuu ya Kuboresha Mtambo Bila Mtu Kushtuka. Mtambo wenyewe ni ule unaosimamia programu zote za idara, kila moja ndani ya kontena lake, yaani kijisanduku chake cha kidijitali, na kuzigawia seva, zile kompyuta kubwa za kufanyia kazi. Toleo lake lilikuwa limechakaa, watengenezaji wameshalitupa mkono, na lingeweza kuanguka wakati wowote pamoja na vibali vya watu. Ilikosekana saini ya Mkurugenzi tu. Naye, kwa kuwa ni mtu wa tahadhari, alikuwa ameikalia ruhusa hiyo tangu mwaka jana.

"Mkubwa, hakuna hatari," fundi wa kompyuta, dada mmoja mvumilivu, alimbembeleza kikaoni. "Tunaweka nakala ya kila kitu. Kisha tunachukua seva moja, tunahamishia kazi zake kwa wenzake, tunaizima, tunaiboresha, tunairudisha. Ndipo tunashika nyingine. Wananchi hawatajua lolote."

"Wasijue? Sasa mimi nitasifiwa kwa lipi?" Mkurugenzi aling'aka. Lakini moyoni aliogopa, tena sana: mtambo ukianguka, kiti chake nacho kwaheri. "Tujaribu kwa watu kwanza. Na tuanze na seva kubwa kuliko zote, yaani mimi. Mkishaona moto wake, mtaacha papara."

Kamati ikapiga makofi. Kesho yake kazi za Mkurugenzi zikahamishiwa kwa katibu muhtasi, mama asiye na makuu, aliyesogeza kikombe chake ili mihuri na majalada yenye vumbi yapate pa kukaa. Mkurugenzi akazimwa rasmi. Akaketi kwenye benchi la nje, kizima moto miguuni, akisubiri nchi itikisike.

Foleni ikaanza kwenda.

"Leo kuna nini humu?" mama mmoja aliyekaa karibu naye alishangaa. "Nimekuja na blanketi, mara naitwa hata sijaegemea!"

"Subiri tu, mama," Mkurugenzi alimwambia kwa huruma. "Idara itaanguka."

Wapi! Kufikia alasiri benchi zima lilikuwa lake. Ilimuuma jamani, hasa mlinzi alipomuuliza kama amepotea njia.

Fundi alipotoka, mkoba begani, Mkurugenzi alisimama haraka. "Umejionea, binti yangu? Haya, nirudisheni, tuujadili ule mtambo taratibu."

"Mtambo tumeshauboresha, Mkubwa. Seva zote. Katibu muhtasi aliikuta ruhusa kwenye majalada, akaisoma, akatia saini."

"Mbona sikushtuka?"

"Hakuna aliyeshtuka."

Mkurugenzi akakiokota kizima moto chake. "Na mimi narudishwa lini?"

Fundi akamtazama kwa heshima zote. "Bado tunachunguza, Mkubwa. Kwa ajili ya usalama, huduma ikishatulia hivi, hatugusi kitu."