Mwanakaya Namba Nne

Leo nimeadhirika. Nimeadhirika nikiwa na kanzu, kofia na tableti mkononi, na nusura nimvunjie posa msichana wa watu ambaye sikuwahi hata kumuona.

Nianze na kazi yangu, maana humu kuna ndugu zangu bado wanadhani nauza bima. Mimi ni mtafiti. Nilisoma nje mpaka nikapata uzamivu, sasa nimerudi Unguja kufanya utafiti wa baada ya uzamivu. (Ndiyo, kuna baada yake. Mama naye huniuliza kila siku lini itaisha.) Napita majumbani na dodoso, nauliza watu wa asili mbalimbali wanaishije, nani anapata nini, na nani husikilizwa inapofika wakati wa kuamua. Usawa wa asili na demokrasia. Ukiyasema haraka yanapendeza.

Leo ilibaki nyumba moja tu nimalize majaribio ya dodoso. Asubuhi tulikuwa Chwaka, mimi na Bi Zena, mwalimu mstaafu anayenisaidia kuwahoji wanawake. Baada ya alasiri tukarudi mjini kwenye hiyo nyumba ya mwisho, Mji Mkongwe, ndani kabisa ya vichochoro.

Nilikuwa nimevaa kanzu. Wiki iliyopita nilivaa suti, watu wakadhani natoka ofisi ya kodi, hakuna aliyefungua mlango. Basi leo kanzu nyeupe, kofia ya viua, mkononi bahasha yenye barua ya utambulisho na muhuri wa sheha wa mtaa. Bi Zena alibeba halua, shukrani yetu kwa mhojiwa.

Najua baadhi yenu mshaanza kucheka. Mwanamme ndani ya kanzu, mwanamke mtu mzima pembeni, bahasha, halua, alasiri. Mimi sikuona kitu! Miaka yote nimesoma jinsi watu wanavyowahukumu wenzao kwa kuwatazama, na mwenyewe sikujitazama.

Mlango ulifunguliwa kabla hatujamaliza hodi. Alitoka mzee mmoja mrefu, anaitwa Mzee Said.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, marahaba! Karibuni. Mmetoka Chwaka?"

"Naam, tumetoka Chwaka sasa hivi."

(Sikujiuliza amejuaje. Nilidhani sheha kamwambia.)

Bi Zena akaiweka halua mezani, akachukuliwa ndani kwa wanawake, nyuma ya pazia. Mimi nikakalishwa kwenye kiti kizuri. Ikaja sharubati. Zikaja sambusa. Huko nilikosoma nilizoea kuhoji watu kupitia upenyo wa mlango, kwa hiyo nikajisemea moyoni kwamba ukarimu wa Kizanzibari haujafa. Nikala.

Kisha nikatoa bahasha kwa mikono miwili. "Mzee, hii ni barua yetu. Naomba uisome, halafu uniambie kama umeridhia."

Aliipokea kwa mikono miwili, akaitia chini ya mto wa kiti chake. "Barua hizi hazisomwi mbele ya wageni, mwanangu. Tutakaa na wenzetu, tutawajibu."

"Lakini bila ya ridhaa yako siwezi kuuliza maswali."

"Wewe uliza. Na sie tuna yetu ya kuuliza."

Nikaandika: ridhaa ya mdomo, imepatikana.

Nilianza na wakaao nyumbani. Yeye, mkewe, mtoto wao wa kiume, na mjukuu wa kike. Kwa huyo wa mwisho Mzee Said alikaa vizuri kitini.

"Huyu mjukuu wangu ni muuguzi. Anapika, anasoma Qur'ani, na kazini hajachelewa hata siku moja. Anaitwa..."

"Usinitajie jina, Mzee," nikamkatiza. "Jina halina umuhimu."

"Halina umuhimu?"

"Kwetu sisi anabaki namba tu."

Mimi nikaandika: Mwanakaya Namba Nne, mwanamke, ameajiriwa.

"Umeandika kuwa anapika?"

"Hakuna nafasi ya hilo, Mzee."

Uso wake ulishuka. Simu yangu ikatetemeka mfukoni, lakini nina sharti moja: mbele ya mhojiwa simu haiguswi. Ikatetemeka tena, na tena. Nikaona fahari kwa nidhamu yangu.

Tukafika kwenye swali ambalo watafiti wa mambo haya huliuliza dunia nzima. Nikalisoma kwa sauti ya taratibu: "Je, ungekubali binti wa nyumba hii aolewe na mtu wa asili tofauti na yenu? Nakubali kabisa, nakubali kiasi, au sikubali."

Nyuma ya pazia vikombe vilinyamaza. Mzee Said akashika ndevu zake.

"Na nyie asili yenu wapi?"

Kanuni inasema mtafiti hajibu. Lakini nilikuwa nimekula sambusa za mtu. "Babu yangu mzaa baba alitoka Tabora."

"Ndivyo nlivyosikia," akasema, na akavuta pumzi ndefu. "Wazee wetu sie walitoka Hadhramaut. Walipofika hapa hawakuuliza sana, walioa. Haya, andika nakubali kabisa."

Nikaandika. Nikaendelea: "Je, kila mtu nyumbani, mwanamke kwa mwanamme, asikilizwe kabla ya uamuzi unaomhusu?"

"Kabisa. Andika kabisa."

Nilifurahi mno. Nilikuwa natunga kichwani sentensi ya kumwandikia profesa wangu, nikasikia hodi.

Mlangoni walisimama wanaume watatu, kanzu zimepigwa pasi mpaka zinang'aa, na bibi mmoja aliyebeba sinia lililofunikwa. Wakavua viatu. Mkubwa wao, aliyeshika bahasha, akatoa salamu.

"Assalamu alaykum. Sie ndio wageni wenu wa Chwaka."

Mzee Said aliwatazama wao, akanitazama mimi, akawatazama wao tena. Yule mwenye bahasha akaiona halua yetu mezani. Akaiona na pembe ya barua yangu ikichungulia chini ya mto.

"Tunaomba radhi, Mzee Said," akasema kwa upole wa mtu aliyeumia. "Tungejua mshapokea barua tusingekuja. Haijuzu kuposa juu ya posa ya mwenzio."

Wakaanza kuvaa viatu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Yote kwa pamoja: sharubati, sambusa, mto, na kwa nini ilikuwa muhimu kwamba anapika. Nilitamani ardhi ipasuke. Nikasimama. "Mimi siposi!"

"Huposi?" Mzee Said akashangaa. "Ushakula sambusa tano!"

"Nimekuja kuuliza maswali tu!"

"Kwani waposaji huja kufanya nini?"

Nikainua tableti juu, kama ushahidi.

Pazia likafunguka kidogo, akaonekana msichana, macho yamejaa hasira, machozi yako karibu. "Babu, huyu mie simjui, na yeye hanijui. Muulize jina langu nani."

Wote wakanigeukia, na wale wa mlangoni pia, kiatu kimoja mguuni. Nami kwa hofu nikafanya nililozoea. Nikatazama tableti.

"Mwanakaya Namba Nne," nikasema.

Nje alipita muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, mpaka akatokomea.

"Mshamsikia," msichana akasema. "Na wewe Babu, si umesema sasa hivi kila mtu asikilizwe? Huku ndani tumesikia sote."

"Nimesema," Mzee Said akakubali.

"Na asili ya mtu umesema unakubali kabisa."

"Nimesema," akarudia, sauti imepungua.

"Basi rai yangu ni hao wa mlangoni."

"Na mie," akasema bibi yake kutoka ndani.

"Na mie!" ikasema sauti ya tatu.

Ya Bi Zena. Msaidizi wangu mwenyewe!

Ili kuhakikisha sijaposa, barua yangu ilitolewa chini ya mto, na yule mkubwa wa wageni akaisoma mbele ya wote. Aliisoma kwa sauti ile ile aliyoiandaa kwa ajili ya barua yake, kwa vituo na mahadhi. Alipofika "mhojiwa ana haki ya kujitoa wakati wowote bila ya kutoa sababu," Mzee Said akasema hilo lingefaa liwekwe katika posa zote. Watu wakacheka mpaka sharubati ikamwagika. Wageni wakakaribishwa kwenye kiti changu. Halua yangu wakaila wao.

Tulipotoka nikafungua simu. Ujumbe sita, wote wa Bi Zena kutoka nyuma ya pazia. Wa kwanza: "Hii posa." Wa pili: "Wanatudhania sisi ndio waposaji." Wa sita: "Acha kula."

Njiani akanieleza aliyoyasikia ndani. Kijana wa Chwaka anayeposa, babu yake naye katokea bara, na kwa ajili hiyo Mzee Said alikuwa akiwapiga kalenda wale watu kwa muda mrefu, kwa simu tu, bila ya kuonana nao. Leo pia alikusudia barua ikae chini ya mto, siku zipite. Ila ameshajibu "kabisa" mara mbili, nyumba nzima inasikia, na mjukuu wake hakuiacha nafasi ile ipite. Jina lake ni Nasra. Nimeliuliza, japo kwa kuchelewa. Nilifurahi kwa ajili yake, nasema kweli, ingawa majibu yale siwezi kuyatumia. Mtu aliyejibu akidhani anaongea na wakwe si mhojiwa.

Sijafika nyumbani, mama akapiga. "Nasikia umekwenda kuposa, umekataliwa."

"Mama, mie sikuposa."

"Wanaokataliwa wote husema hivyo, mwanangu."

Kwa hiyo naombeni sana, msicheke. Nimetumia ujana wangu wote kusoma demokrasia, na leo nimeshindwa uchaguzi ambao sikugombea, kwa kura zote, pamoja na ya wakala wangu.