Mwenye Hekima Niliyemleta Jokoni

Mwezi wa Anthesterion, siku ya tano. Imebaki wiki moja tu kabla ya Sikukuu ya Magudulia.
Demeas mwanangu amerudi kutoka kwa yule mwalimu wake wa kupima nyota. Kakonda kama ufito! Hata salamu hajamaliza, kabandua kinyago juu ya joko, alichokiweka marehemu baba yake kufukuza mashetani wapasua vyungu. Ati mama, vyungu hupasuliwa na joto lisilo sawa, shetani hana kazi hapo. Na keshokutwa tunachoma magudulia mia mbili ya sikukuu! Yakiharibika, wazee wa ukoo wameshasema, joko anapewa shemeji Simias.

Siku ya sita.
Dawa nimeipata. Elimu itanyamazishwa na hekima. Nimemwalika Theodotos, yule mzee peku anayewashinda watu kwa maswali sokoni. Kala samaki niliowakaanga, mikunga yote mitatu. Kamuuliza Demeas kama anaujua moto, au anajua kuishi nao. Mwanangu kimya! Moyo wangu ukacheza. Kisha mzee akanigeukia, akauliza huyo shetani nimemwona wapi. Wakacheka wote wawili. Nyumbani kwangu, na mafuta ya mikunga yangu ndevuni!

Siku ya saba.
Joko linawaka. Wao wamekaa mbele yake wanabishana neno “kujua” maana yake ni nini. Nikasema sukumeni kuni, baba. Demeas akasema subiri mama, tunakaribia. Wanakaribia wapi, na hawajainuka? Kuni nimesukuma mwenyewe. Walipozama kwenye maneno, nikapanda ngazi kurudisha kinyago. Kamba yake hubanwa na kifuniko cha tundu la juu. Nikakifunua kidogo tu. Upepo wa kaskazini ukaingia. Ta! Ta! Ta!

Siku ya tisa.
Tumefungua. Mazima kumi na moja. Demeas akasema baridi iliingia. Mimi nikasema mashetani. Theodotos akauliza gudulia lililopasuka bado ni gudulia? Nilitamani kumjibu kwa mchi. Simias akasema pole sana shemeji yangu, huku akiweka kiti chake mlangoni pa karakana.

Siku ya kumi.
Demeas kaondoka na Theodotos kwenda Megara. Ati nyota baadaye, kwanza hekima. Hata blanketi hakubeba. Kaniaga kama mpangaji.
Kosa langu nimeliona: nilichukua mzee mwenye njaa. Sokoni kuna mfasiri wa ndoto, mnene, kashiba, anaapa atamnyamazisha Theodotos kabla hajakaa. Kesho namtuma Megara.