Karatasi Mia Moja kwa Herufi za Chelangat

Nimeiba herufi. Si kuku, si simu. Herufi. Na leo zimenivua nguo mbele ya wakwe.

Leo ilikuwa koito ya dada yangu Chepkoech, siku ambayo upande wa bwana unakuja rasmi kuposa mbele ya watu wote. Sasa mjue kitu kimoja: tangu darasa la nne, fundi wa maandishi hapa kwetu ni mimi. Nimeandika namba yetu kwa vikapu vya chai. Nimeandika "Mbwa Mkali" kwa lango (hatuna mbwa). Lakini mama akaenda kumpa bango la koito binamu yangu Chelangat, eti kwa sababu anasomea uchoraji wa herufi chuoni.

Juzi akalileta. Jamani. Hizo herufi amezichora mwenyewe, moja moja, miaka miwili. Mguu mmoja mnene kama nguzo ya stima, ule mwingine mwembamba kama unywele wa mkia wa ng'ombe, na chini kakiatu kadogo kamechongoka. Jina la dada likaonekana la mtu wa maana (nimeishi naye miaka kumi na sita, hiyo maana sijawahi kuiona). Mashangazi wakapanga foleni kupiga picha nalo. Hakuna mtu amewahi kupiga picha na "Mbwa Mkali". Tena fonti yenyewe ameiita Tapsubei, jina la nyanya. Nyanya akalia. Mimi nyanya huniita tu nifukuze kuku kwa mahindi.

Nikasikia kitu kinanichoma kifuani. Nikajiambia ni maharagwe.

Kazi niliyoachiwa ilikuwa kuchapisha majina ya wazee wa pande zote mbili, mkubwa hadi mdogo, ili msemaji wetu Mzee Kirui awatambulishe. Nikamwomba Chelangat fonti yake. Akasema hapana, hiyo ni ya vitu vikubwa, ukiipunguza ile mistari myembamba inapotea. Nikaona ni roho mbaya tu. Alipoenda kuchuma chai, nikafungua kompyuta yake nikainakili kwa flashi.

Jana nikaenda kuchapisha saiba pale Kapkatet. Majina thelathini na nane, picha ya dada, waridi kona zote nne, yote kwa nusu karatasi. Nikapunguza herufi. Nikapunguza tena. Kwa skrini nilikuwa nimezivuta karibu, zilikaa kama za ikulu. Jamaa wa saiba akanionya kwamba wino wa printa unaisha. Nikamwambia atoe mia moja. Hata sikuziangalia. Nilizikunja nikazifunga utepe, kisha nikatuma faili kwa grupu ya familia nisifiwe. Ile orodha ya mkono ya mama niliyonakilia majina? Niliwashia moto wa maji ya kuoga.

Leo wageni wakaingia, wakaombewa, wakapewa mursik, maziwa yetu ya kibuyu. Nikagawa karatasi zangu pua juu. Kwa Chelangat nilipita polepole makusudi. Akafungua, akaitazama, akanitazama, akaifunga. Nikajua ni wivu. (Wivu! Nilifurahi mpaka nikajikwaa kwa kamba ya hema.)

Mzee Kirui akasimama. Kutambulisha wazee si mchezo. Ukiruka mmoja, utasikia habari yake mpaka mazishi yako. Akafungua karatasi. Akaisogeza mbali. Akaisogeza puani. Akaazima miwani ya jirani. Akatoka mpaka ukingoni mwa hema kutafuta mwanga. Kisha akaniita "weri", yaani kijana.

"Weri, kuja hapa. Wewe uliyeandika, soma."

Nikaitazama. Mistari yote myembamba ilikuwa imeenda. Imebaki ile miguu minene peke yake, kama shamba la chai lililokatwa: visiki tu, mstari kwa mstari.

"Mzee..." nikaanza, kwa sauti nzuri kabisa. Hapo ndipo elimu yangu iliishia.

Mzee mmoja wa upande wa bwana akamgeukia baba, kwa upole wote, akauliza, "Huyu yuko kidato gani?"

"Cha tatu," baba akasema, akiangalia viatu vyake.

"Na kusoma wanaanza lini?"

Hema likaanguka kwa kicheko. Kwa kujiokoa nikamwonyesha mgeni mwenye mvi nyingi kuliko wote, nikamtambulisha kama mkubwa wa ukoo. Akasimama, akapunga mkono. Alikuwa dereva wao.

Ndipo Chelangat akaja na simu yake. Alikuwa amefungua lile faili la grupu. Akalivuta kwa vidole viwili, na ile mistari ikarudi, mmoja baada ya mwingine, myembamba, maridadi, ya kuudhi. Akanong'ona, "Soma hapa, Kiprono." Hakunicheka hata kidogo. Hiyo ndiyo imeniuma zaidi. Nikasoma majina yote thelathini na nane nikiwa nimeshikiwa simu kama mtoto anayelishwa uji. Makofi yakapigwa. Yakamwendea yeye. Yule mzee wa maswali akaomba namba yake, anataka bango la kanisa lao.

Nikakimbilia jikoni kujificha. Mama alikuwa anafungia wageni chapati za kubeba, na anazifungia kwa karatasi zangu. Nikasimama nikingoja kofi. Hakuniangalia hata. Akasema tu:

"Leta zilizobaki. Gazeti huachia chapati wino, lakini hizi zako hazina."